Hospitali ya kufundishia ni nini? Tuanze na vidonda vya tumbo

Umelazwa ubavu wa kushoto, umeuma kidude cha plastiki ili usiutafune mpira wa kamera, na chumba kimejaa watu. Bingwa ameshika mpira. Ubavuni mwake yupo daktari anayesomea ubingwa, nesi ana kichupa mkononi, na wanafunzi wawili wanachungulia skrini inayoonyesha tumbo lako. Wengi wakishatoka huuliza: mbona wengi hivyo, kwani mimi nilikuwa somo?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Hospitali ya kufundishia ni ile iliyofungamana na chuo cha udaktari, ikabeba kazi tatu kwa mpigo: kutibu, kufundisha na kutafiti. Muhimbili na chuo cha MUHAS, Dar es Salaam, ndivyo walivyo. Kule Eldoret, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi imelibeba neno kwenye jina. Isichanganywe na rufaa peke yake: rufaa ni kupokea wagonjwa walioshindikana huko chini, na hospitali inaweza kuwapokea bila kuwa na mwanafunzi hata mmoja.

Namna kazi hizo tatu zinavyosukana ilionekana vizuri Perth, Australia, katika hospitali ya Royal Perth. Robin Warren, daktari anayesoma kwa hadubini vinyama, yaani vipande vidogo vilivyokatwa mwilini mwa wagonjwa, tangu 1979 alikuwa akiona vijidudu vilivyopinda kwenye vinyama vya tumbo. Wengi hawakumjali, iliaminika asidi ya tumboni haiachi bakteria hai, na vidonda vya tumbo vilisingiziwa mawazo na vyakula. Mwaka 1981 akafuatwa na Barry Marshall, daktari kijana aliyekuwa mafunzoni kwenye kitengo cha tumbo, akitafuta mada ya utafiti. Wagonjwa 100 waliokuja kupigwa kamera wakakatwa vinyama. Maabara ilijaribu kuotesha vijidudu hivyo, ikishindwa kila mara, kwa sababu sahani za kuoteshea zilitupwa baada ya siku mbili. Pasaka ya 1982 watu wakawa likizoni, sahani zikasahaulika siku tano. Waliporudi, vimeota. (Uzembe wenye baraka, kama upo.)

Marshall hakuishia hapo. Mwaka 1984 alipigwa kamera, tumbo likaonekana zima, kisha akanywa mchuzi wa bakteria hao. Baada ya siku chache akawa anatapika, na kamera ya pili ikakuta tumbo limevimba. Wawili hao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Leo mwenye vidonda vinavyotokana na kijidudu hicho, Helicobacter pylori, hupewa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Tahadhari kidogo: vidonda vingine huletwa na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, kwa hiyo usijinunulie antibiotiki kwa kuhisi tu.

Turudi kwenye kichupa cha nesi. Kinyama kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho husikii kikinyofolewa, hutumbukizwa kwenye utelezi wa manjano wenye urea. Kijidudu kikiwepo huivunja urea, na rangi ikageuka waridi. Mwanafunzi anayeuona mgeuko huo mbele ya mgonjwa halisi hausahau.

Utafiti ni jambo jingine na unahitaji ridhaa yako ya maandishi, mbali na ile ya kipimo. Uliza nani hasa atakayeushika mpira, na kama ni mwanafunzi wa ubingwa, nani anamsimamia. Waweza kuomba wanafunzi watoke. Na ukikataa utafiti, tiba haibadiliki: kinyama chako kitasomwa kwa ajili ya majibu yako tu.