Je, wajua kwa nini kanuni ya kuwahudumia watoto nchini Kanada ina jina la mtoto wa miaka mitano?

Jordan River Anderson alizaliwa mwaka 1999 katika jamii ya Wakrii ya Norway House, kaskazini mwa jimbo la Manitoba, akiwa na maradhi yaliyomfanya alazwe katika hospitali ya Winnipeg, mbali sana na kwao. Alipofikisha miaka miwili, madaktari waliridhika kwamba angeweza kutoka wodini na kutunzwa nyumbani kwa walezi, mradi tu huduma na vifaa vyake vilipiwe. Serikali kuu na serikali ya jimbo zikaanza kuvutana kuhusu nani alipe, zikabishania hata kichwa cha bomba la kuogea, na mtoto akaendelea kulala hospitalini kwa zaidi ya miaka miwili mingine. Alifariki mwaka 2005, hajawahi kulala nyumbani hata usiku mmoja.

Chimbuko la mvutano huo ni Katiba ya mwaka 1867, iliyoikabidhi serikali kuu mambo ya Watu wa Asili na ardhi walizotengewa, huku hospitali na ustawi wa watoto vikiwa chini ya majimbo. Kwa mtoto mwingine yeyote wa Manitoba, jimbo lingelipa bila mjadala; kwa mtoto wa Mataifa ya Kwanza, yaani jamii za Watu wa Asili kama Wakrii, kila upande ulipata sababu ya kumtupia mwenzake mpira.

Desemba 2007 Bunge la Kanada liliafiki kwa kauli moja Kanuni ya Jordan: serikali inayoombwa kwanza ilipe kwanza, kisha madai ya kurudishiana fedha yafuate baadaye. Lakini hilo lilikuwa azimio tu, wala si sheria.

Mwaka huohuo Cindy Blackstock, mtetezi wa watoto kutoka taifa la Gitxsan, pamoja na Baraza la Mataifa ya Kwanza, waliishtaki serikali kuu kwa kutenga fedha pungufu za ustawi wa watoto. Kilichofichuka kinauma. Fedha za kuisaidia familia ili imlee mtoto wake nyumbani zilikuwa chache na zenye kikomo, ilhali gharama za mtoto aliyekwisha kuondolewa kwao zilirudishwa zote. Kwa hiyo bajeti yenyewe ilisukuma watoto watolewe kwa wazazi wao. Na hii ndiyo nchi ambayo Juni 2008 waziri mkuu wake alisimama bungeni kuomba radhi kwa ajili ya shule za bweni zilizowatenga watoto wa Watu wa Asili wapatao 150,000 na familia zao. Kwangu mimi, radhi ile ilipaswa kuonekana kwanza katika bajeti hiyo.

Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule hizo, iliona vivyo hivyo: kati ya miito yake 94 ya kuchukua hatua ya mwaka 2015, wa tatu unadai Kanuni ya Jordan itekelezwe kikamilifu. Januari 2016 Baraza la Haki za Binadamu la Kanada, lililosikiliza mashtaka ya Blackstock na wenzake, likaamua kwamba upungufu huo wa fedha ulikuwa ubaguzi, na mwaka 2019 likaagiza kila mtoto aliyeathirika alipwe dola 40,000 za Kanada. Serikali ilipinga mahakamani, ikashindwa mwaka 2021. Hatimaye, Oktoba 2023, Mahakama ya Shirikisho iliidhinisha makubaliano ya fidia ya zaidi ya dola bilioni 23. Wanaostahili ni pamoja na walioondolewa kwao tangu tarehe 1 Aprili 1991. Aliyekuwa mchanga siku hiyo alikuwa na zaidi ya miaka 30 fidia ilipoidhinishwa.