Kichupo kipya hufunguliwa na kidole, si skripti

Mwenye nyumba ya wageni mmoja wa Shela, Lamu, alinipigia simu: "Mwanangu, wageni wa Samsung wananiandikia vizuri. Hawa wa iPhone wanabonyeza kitufe, kimya." Tovuti yake ilitengenezwa na fundi mwingine kabla yangu, basi nikaingia kuona msimbo unasemaje.

Kitufe cha "Uliza nafasi" kilikuwa na mpango huu: mgeni akigusa, ukurasa unaiuliza seva kama tarehe alizochagua ziko wazi. Jibu likirudi, ndipo window.open (amri ya JavaScript ya kufungua kichupo, yaani tab, au dirisha jipya) inaitwa ifungue kiungo cha wa.me, yaani cha WhatsApp, chenye ujumbe uliokwisha andikwa. Ukisoma haraka huoni tatizo. Tatizo ni ule muda unaopita kati ya kidole na window.open.

Vivinjari vilichoshwa zamani na matangazo ya madirisha ibukizi. Ethan Zuckerman, aliyeandika msimbo wa tangazo la namna hiyo akiwa kampuni ya tovuti ya Tripod miaka ya 1990, aliomba radhi hadharani mwaka 2014, lakini adhabu bado tunaibeba sisi. Leo window.open hukubaliwa tu pale mtumiaji anapokuwa amegusa au kubofya punde hivi, na ruhusa hiyo haikai. Chrome huiacha kwa takriban sekunde 5. Safari ni kali zaidi, hasa jibu la seva likisubiriwa katikati. Tena mguso mmoja ni dirisha moja. Mtandao ukizubaa kidogo, ruhusa imeisha, na mgeni haoni hata ujumbe wa kosa.

Dawa ni kufungua kichupo kitupu papo hapo, kisha kukipa anwani baadaye:

kitufe.addEventListener('click', async () => {
  const kichupo = window.open('', '_blank');
  if (kichupo) kichupo.opener = null;
  const kiungo = await ulizaNafasi();
  if (kichupo) kichupo.location = kiungo;
  else location.href = kiungo;
});

Hizo if si urembo. Dirisha likizuiwa, window.open hurudisha null, yaani hakuna kitu, na hapo tunampeleka mgeni kwenye kichupo hichohicho alichomo. Mstari wa opener, yaani kamba inayoufunga ukurasa mpya na ule ulioufungua, nao ni wa usalama: bila huo, ukurasa uliofunguliwa unaweza kuuhamisha ule wa kwanza uende kwingine, kwa mfano kwenye ukurasa bandia wa kuibia nywila. Usijaribu kuweka noopener (neno la kuikata kamba hiyo) ndani ya window.open hapa, maana itakurudishia null hata kama kichupo kimefunguka, na hutakuwa na cha kukipa anwani.

Kusema kweli, pale Shela sikutumia dawa hii. Nilihamisha swali la seva: tarehe zinakaguliwa mara tu mgeni anapozichagua, na kitufe kikabaki kiungo cha kawaida chenye target="_blank", yaani cha kufungukia kichupo kipya. Kiungo hakizuiwi, kinafanya kazi hata skripti ikikwama, na anayetaka kukibonyeza kwa muda mrefu akinakili anaweza. Isitoshe, tangu Firefox 79 ya mwaka 2020 na Chrome 88 ya mwaka 2021, kiungo cha namna hiyo huhesabiwa kuwa na noopener chenyewe. Bado noopener naiandika, haigharimu kitu.

Wateja wengine hutaka "kidirisha kidogo pembeni". Kwenye kompyuta, ukitaja width na height (upana na urefu) ndani ya window.open kwa kawaida utakipata. Kwenye simu vipimo hivyo havina kazi, na wageni wengi huja na simu.

Kinachosahaulika ni jina la kichupo. Tovuti ya nahodha mmoja ina ramani za safari za Manda, Matondoni na Kipungani. Kila ramani ikifunguliwa kwa _blank, mgeni hujikuta na vichupo tele. Viungo vyote vikipewa target="ramani", kichupo kimoja hutumika tena na tena, mradi usiongeze noopener, kwani hiyo hufungua kipya kila mara.