Kusuka upya transfoma si kuiongezea nguvu

Katika karakana moja ya Langoni, hapa Lamu, nimemsikia tena nahodha akisifu chaja ya betri ya boti yake kwamba ni transfoma ya maikrowevu "iliyosukwa upya ikaongezewa nguvu". Maana yenyewe ni fupi. Transfoma, kifaa cha kubadili volti kwa koili mbili za waya uliozungushwa kwenye chuma, hutolewa kwenye maikrowevu mbovu, baada ya kapasita, kifaa kinachoweka akiba ya umeme, kumwagwa umeme wake, maana kapasita hiyo huweza kuua hata plagi ikiwa imechomolewa. Koili ya pili, yenye waya mwembamba wa mizunguko mingi mno, hukatwa na kuondolewa, na mahali pake huzungushwa waya mnene mara chache. Kila mzunguko hutoa takriban volti 1, hivyo mizunguko 12 hutoa kama volti 12 za umeme wa kwenda na kurudi, ambazo hupitishwa kwenye daiodi, kijilango kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kabla ya kufika kwenye betri.

Neno kusuka nalo ni la kuazima, kwa kuwa msuka mkeka hupishanisha chane za miyaa juu na chini, ilhali waya wa transfoma huzungushwa tu. Hilo nimelizoea, wala sitaligombea.

Linalonikera ni nguvu. Mitaani tunasema nguvu za mkono, nguvu za maji na nguvu za serikali, lakini katika umeme nguvu huhesabiwa: ni volti mara ampea, yaani kipimo cha mkondo wa umeme, na jawabu lake ni wati. Volti imepewa jina la Volta, Mwitaliano, na ampea jina la Ampère, Mfaransa, nasi tumewafanya mtu mmoja. Koili ya zamani ikitoa, tuseme, volti 2,000 kwa nusu ampea, hizo ni wati 1,000. Koili mpya ikitoa volti 10 kwa ampea 100, ni wati zizo hizo. Fundi amefanya kama mwenye duka anayevunja noti ya 1,000 kuwa noti kumi za 100.

Wapo wanaong'oa pia vipande vya chuma vilivyochomekwa kiwandani kati ya koili mbili ili mkondo usizidi, na hapo ampea huweza kupanda kweli. Lakini joto nalo hupanda, na transfoma hii haikuundwa kukaa kazini muda mrefu bila feni.

Kwa hivyo nahodha wetu, akipenda kumsifu fundi, na aseme ameiongezea ampea, au ameipunguzia volti.