"Kilo Zinatosha" na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Kupima Samaki wa Ziwa Victoria

Kila ninapokaa na viongozi wa BMU (vikundi vya wadau vinavyosimamia uvuvi) au wakusanya takwimu wapya kwenye mialo ya Mwanza, yaani sehemu za kushushia samaki, nasikia sentensi ileile: "Mtaalamu, kilo tayari zipo kwenye daftari la mnunuzi. Urefu wa nini tena?" Wavuvi wanaisema, wachuuzi wanaisema, na hata waliosomea uvuvi wanaisema. Naijibu hapa kwa kirefu, kwa sababu uamuzi mwingi mbaya kuhusu ziwa letu umeanzia hapo.

Dhana: Kilo zinatosha, kupima urefu ni kupoteza muda

Hazitoshi. Kilo zinamwonyesha mnunuzi alipe shilingi ngapi, lakini hazionyeshi ni samaki wa aina gani waliotolewa majini.

Chukua mitumbwi miwili iliyoshusha sangara asubuhi moja, kila mmoja kilo 600. Wa kwanza una samaki 100 wa sm 80 hivi, kila mmoja kilo 6. Wa pili una samaki 800 wa sm 40, kila mmoja robo tatu ya kilo. Daftarini mistari hiyo miwili inafanana kabisa. Lakini sangara jike hupevuka akiwa mkubwa kuliko dume, na akishapevuka hubeba mayai kwa mamilioni. Wale 800 wa sm 40 karibu wote hawajazaa hata mara moja. Kiwango cha chini cha kuvua sangara, sm 50, kilipigania hilo hilo: samaki apate nafasi ya kuzaa kabla hajafika kwenye mizani. Na hata hapo, majike mengi ya sm 50 bado hayajapevuka, kwa hiyo anayeshangilia sangara wa sm 51 asidhani amewaachia ziwa wazazi wa kutosha.

Hesabu yake si ngumu. Samaki akikua haongezeki urefu peke yake, anaongezeka pia upana na kimo. Ndiyo maana urefu ukizidi mara mbili, uzito unazidi karibu mara nane. Kwenye fomula tunayotumia, uzito ni sawa na *a* mara urefu uliopandishwa kwa kipeo *b*; *a* na *b* ni namba za kila spishi, na *b* kwa samaki wengi huwa karibu na 3. Mwenye urefu na fomula sahihi ya spishi yake anaweza kukadiria uzito. Mwenye jumla ya kilo za mtumbwi mzima hawezi kurudi nyuma akajua urefu wa samaki waliokuwamo.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Samaki wakubwa wakipungua, mvuvi hakai kusubiri njaa. Anaongeza nyavu, ananunua injini, anakwenda mbali zaidi, anapunguza ukubwa wa macho ya wavu. Kilo zinabaki palepale miaka kadhaa, na kila mtu anasema ziwa liko salama. Wakati huohuo wastani wa urefu unashuka, sentimita moja baada ya nyingine. Urefu ungewaonya mapema, lakini nani aliupima? Kilo zikianza kushuka, wazazi wamekwisha zamani.

Jumla ya tani za ziwa zima inadanganya vilevile. Siku hizi dagaa ndio wanaochukua sehemu kubwa zaidi ya uzito unaovuliwa Ziwa Victoria. Tani za dagaa zikipanda zinaweza kufunika kabisa anguko la sangara, na ripoti ikasomeka vizuri.

Kuna na jambo ambalo wengi mialoni hawalijui. Chombo cha utafiti kinapopita ziwani na mitambo ya mwangwi, hakipimi kilo. Kinasikia mwangwi wa samaki, na kutokana na nguvu ya mwangwi huo tunakadiria urefu wake. Kilo zinazotangazwa baadaye zimetoka kwenye ile fomula ya urefu na uzito, na fomula hiyo imejengwa na samaki waliopimwa kwa mkono, mmoja mmoja. Aliyeandika urefu wa kubuni ili awahi chai amechafua hesabu ya mamilioni ya samaki ambao hajawaona.

Dhana: Tepu yoyote inafaa

Tepu ya fundi cherehani ikilazwa juu ya ubavu hufuata tumbo, na samaki "anarefuka". Ukikosea sm 2 kwa sangara wa sm 50, uzito utakaoukokotoa unazidi kwa zaidi ya asilimia 12. Tumia ubao wenye kizuizi kichwani. Mlaze samaki kwa ubavu, mdomo umefungwa na kugusa kizuizi, mnyooshe mkia, kisha soma namba ukiwa umeinama moja kwa moja juu yake. Na amua mapema: unapima hadi ncha ya mkia au hadi kwenye panda yake, pale mkia unapogawanyika? Kwa dagaa, mwenye mkia wa panda, vipimo hivyo viwili havichanganywi kwenye fomu moja. Sangara aliyekwisha kutolewa bondo (kifuko cha hewa cha samaki) na utumbo unaweza kumpima urefu, ila uzito wake usiuandike pamoja na wa samaki wazima.

Dhana: Samaki wamenona, kwa hiyo wapo wengi

Mara nyingi ni kinyume. Samaki wakibaki wachache, kila mmoja anapata chakula tele na ananona. Bwawa la sato waliojazana hutoa picha ya upande wa pili: vichwa vikubwa, miili myembamba, na majike yanayotaga yakiwa bado madogo kuliko kiganja. Anayewaita hao watoto anakosea. Ni watu wazima waliodumaa.

Unono tunaupima kwa kuchukua gramu za samaki mara 100, kisha kugawanya kwa urefu × urefu × urefu, kwa sentimita. Sato wa sm 25 mwenye gramu 310 anapata karibu 2. Sangara wa sm 50 mwenye kilo moja na nusu anapata 1.2, wala si mgonjwa, umbo lake ni refu tu. Linganisha sato na sato wenzake, tena wa ukubwa unaokaribiana. Kumbuka pia kwamba sato jike hubeba mayai na makinda mdomoni na halishi vizuri kipindi hicho. Ukimkuta amekonda, usikimbilie kuandika "ziwa limechafuka".

Dhana: Saizi tunazopima ndizo zilizopo ziwani

Hizo ni saizi zilizonaswa na wavu wako. Makila (nyavu za kunasa samaki) yenye macho ya inchi 6 hupitisha wadogo, na wakubwa sana hawaingii vizuri kwenye macho yake. Fomu isiyo na aina ya zana na ukubwa wa macho ya wavu mimi huirudisha.

Dhana: Urefu ni umri

Ni dokezo tu. Samaki wetu wengi huzaa karibu mwaka mzima, kwa hiyo makundi ya umri yanaingiliana, na wawili wa sm 30 wanaweza kupishana umri kabisa. Ukitaka umri, pasua kichwa utoe vijiwe vya sikio, na hata hivyo kwenye maji yasiyo na majira ya baridi kali pete zake za ukuaji husomwa kwa tahadhari. Lakini kama muda wako unatosha kazi moja tu mwaloni, shika ubao, na chukua samaki jinsi wanavyotoka mtumbwini bila kuchagua wakubwa.