Waliokimbia kikoba chetu hawakuwa wapenda starehe

Nimekuwa katibu wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, hapa Mabatini, Mwanza, kwa miaka sita. Kazi yangu ni daftari: nani kanunua hisa ngapi, nani kakopa, nani kalipa faini ya kuchelewa. Ukikaa na daftari muda mrefu unaona mambo ambayo mwenye pesa mwenyewe hayaoni. Mimi nimeona hili: wanachama wanaoondoka kabla ya mgao wa mwisho wa mzunguko si wale wanaopenda raha. Ni wale waliojibana mpaka wakachoka, na wale wasioweza kumwambia mtu hapana. Ndiyo maana maneno haya yakisemwa mtaani, mimi hubisha.

"Kuweka akiba ni kujinyima"

Mama mmoja muuza dagaa wa soko la samaki la Kirumba Mwaloni alijiunga nasi Januari. Kila wiki hisa tano, kiwango chetu cha juu. Kitenge hakununua, harusi hakwenda, watoto wakisema andazi anawaonyesha kiporo. Aprili akaja kikaoni kanuna, anataka pesa zake zote. Alipewa kama katiba yetu inavyosema, bila faida, na haikupita wiki zikawa zimekwisha: kitenge, saluni, sherehe ya kipaimara, redio kubwa. Sikumlaumu. Njaa ya miezi minne ilikuwa inadai.

Jirani yake anayekaanga samaki ananunua hisa mbili tu. Ila kila Jumamosi ana shilingi 5,000 ambayo hakuna wa kumuuliza kaipeleka wapi. Mara ni soda na mumewe, mara ni kusuka, mara anaikalia. Sasa yuko mzunguko wa nne. Raha yake ina mstari wake kwenye bajeti, sawa na kodi ya chumba, na mstari ukiisha umeisha mpaka wiki ijayo. Raha usiyoiandika haiachi kuja. Inakuja bila hodi, tena na wenzake.

"Kipato changu hakitoshi hata kula, akiba ni ya wenye mshahara"

Hisa moja kwetu ni shilingi 2,000. Anayenunua moja tu kila wiki, wiki 52, ana 104,000 kabla ya faida ya mikopo. Dereva wa bodaboda hana mwisho wa mwezi, basi asihesabu kwa mwezi. Ahesabu kila jioni anapozima pikipiki. Akiileta kwetu, sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu, na katibu si mmoja wao. Nashukuru kwa hilo.

"Kibubu chumbani ndicho salama zaidi"

Kwa nidhamu, nakubali: kuvunja kibubu kwa ajili ya chipsi kunatia haya. Lakini pesa ya kibubu hailali bure, inapungua. Mfumuko wa bei wa taifa miaka hii umekuwa karibu asilimia 3 kwa mwaka, na panya na moto wana hesabu zao. Kibubu kiwe cha miezi miwili mitatu, kisha kihamie kwenye kikundi, SACCOS au benki. Na kikundi chenyewe kisajiliwe. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chetu vimewekwa daraja la nne na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Kisichosajiliwa, mweka hazina akihamia Kahama utamdai wapi?

"Tunakaa ziwani, samaki ni rahisi siku zote"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa ya watu wa Mwanza inapovujia.

Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, sasa taa za betri na za sola. Mwanga unawavuta, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwa pevu, dagaa hawana haja na taa yako. Wanatawanyika, na wavuvi wengi wanapumzika siku kadhaa. Mzigo unapungua mwaloni, bei inapanda. Giza likirudi, mitumbwi inarudi, bei inashuka. Kwa hiyo anayenunua sado ya dagaa wakati mwezi unang'aa anamlipa mwezi. Mimi hutazama juu kabla ya kutazama pochi. Mvua nazo zina lao: zikinyesha mfululizo dagaa hawakauki vizuri, wengine wanaoza, na wale wakavu wanaadimika.

Halafu kuna mchanga. Dagaa walioanikwa chini wanauzwa bei ndogo kuliko wa chanja, na watu wanafurahi. Ukiwaosha, nusu ya furaha inabaki chini ya beseni. Umenunua mchanga wa Ziwa Victoria, ambao ungeuzoa bure.

Sangara ni hadithi nyingine. Samaki huyu si wa asili hapa, aliletwa ziwani katikati ya karne iliyopita. Minofu yake inakwenda viwandani, kisha Ulaya. Bondo lake, ambalo kwa kilo lina thamani kuliko nyama, linasafiri mpaka Asia. Kinachobaki kwetu ni kichwa na panki, yaani mifupa iliyotolewa minofu. Wapo wanaoona aibu kubeba panki mchana. Mimi siioni. Kichwa cha sangara kilichochemshwa kwa ndimu, nyanya na pilipili, na ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, pembeni, kinanifurahisha kuliko mnofu mkavu wa hotelini. Muhimu kinuke ziwa, kisinuke jana. Nenda asubuhi, tazama macho na mashavu.

Na usisahau michembe na matobolwa. Bibi zetu wa Kisukuma walivikausha viazi vitamu, vibichi vikawa michembe na vya kuchemshwa vikawa matobolwa, msimu wa mavuno ili wavile msimu wa njaa. Chai, matobolwa, karanga: kifungua kinywa kimekwisha hapo, na hukupita kwenye kibanda cha chapati.

"Kununua kwa jumla ni nafuu daima"

Kwa mkaa na mchele, ndiyo: mkaa wa kopo unakula pesa nyingi kuliko wa gunia. Kwa mafuta ya kula na sukari, inategemea nyumba. Kwangu, dumu la lita tano likiwapo kila mtu anakuwa mpishi wa maandazi.

"Luku ukinunua kidogo kidogo inaisha haraka"

Nimewasikia wasomi wakisema hili. Bei ya uniti ni ileile, ununue ya 1,000 au ya 10,000. Kinachowachanganya watu ni kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inayokatwa humohumo kwenye Luku. Ununuzi wa kwanza wa mwezi unaonekana umeliwa. Na kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kama mita unailisha wewe mpangaji, kaa naye mwelewane ipunguzwe kwenye kodi ya chumba, kwa heshima tu: "Baba mwenye nyumba, naomba tuhesabu."

Jambo la pili ni uniti 75. Mwenye mita ya matumizi madogo analipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya makato, mpaka afikishe 75 kwa mwezi. Akizidi, zinazofuata zinapanda zaidi ya mara tatu, na akizoea kuzidi anahamishwa kundi. Hita ya maji ya asubuhi ndiyo inayowavusha wengi mstari huo.

"Mchango wa harusi haukataliki"

Kadi inakuja, kundi la WhatsApp linaundwa, jina lako linaandikwa kabla hujasema. Kisha mwenyekiti wa kamati anaweka orodha ya waliotoa ili waliobaki waone haya. Kwenye daftari langu, mikopo mingi ya kati ya Agosti na Desemba ni ya michango, ingawa kwenye fomu wanaandika "biashara". Nawajua. Wengine hawaji hata kwetu, wanakwenda kwa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani anayeshika kadi yako ya benki, tena bila leseni ya Benki Kuu ambayo sheria inamtaka awe nayo.

Ukweli ni kwamba mchango unakataliwa, lakini una ustaarabu wake. Jibu mapema. Taja kiasi kidogo unachokiweza na ukitume siku hiyohiyo, usiache ahadi ikue. "Shemeji, nimeguswa na 20,000, nitakuja na kupika pia." Anayetoa kidogo mapema hasumbuliwi, anayeahidi 100,000 ndiye anayepigiwa simu saa tano usiku. Mimi mwaka uliopita niliamua harusi nne tu, na za watu ninaowatembelea wakiugua. Waliobaki walinuna wiki mbili, kisha wakaniomba niwapangie bajeti.

"Bila bia na nyama choma hakuna wikiendi"

Bia sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na raundi: unatoka na hesabu ya mbili, unalipia meza nzima kwa sababu mwenzako alitangulia kulipa.

Mji huu una raha nyingi za bei ndogo. Kisiwa cha Saanane kimo ndani ya jiji, hifadhi ya taifa tangu 2013, na Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, kidogo sana kuliko mgeni. Mwezi wa Juni kuna Bulabo, sherehe ya ngoma ya Wasukuma, kule Bujora, Kisesa, vikundi viwili vya Wagika na Wagalu vikishindana kwa ngoma. Ukishawaona wacheza nyoka, muziki wa baa unakuwa kama redio ya jirani.

Ila kuogelea ziwani, hapana. Watu wanasema ni bure. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani kuna konokono wanaobeba kichocho, na ukanda huu unacho kwa wingi. Dawa ipo, lakini nauli ya hospitali, foleni na siku ya kazi iliyopotea vyote ni pesa.

Sisi Jumapili tunapanda kivuko cha Kamanga. Abiria wa miguu nauli yake ndogo, tunavuka tukiwa na karanga na chupa ya chai, tunakula ng'ambo, tunarudi jua likizama nyuma ya mawe. Mwanangu mdogo anaamini tumekwenda Uganda. Sijamsahihisha bado.