Mgongo Wako Haujahama

"Daktari, kuna mfupa umehama hapa kiunoni. Nirudishie tu niende kazini."

Jumatatu iliyopita niliyasikia maneno hayo mara tatu, na saa nne asubuhi ilikuwa haijafika. Wa kwanza alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kutoka soko la Gikomba hapa Nairobi, wa pili mwalimu wa shule ya msingi, wa tatu dada anayekimbia msitu wa Karura kila wikendi. Watu wasiojuana, wenye maumivu yasiyofanana, ila imani yao ilikuwa moja: uti wa mgongo ni mnara wa matofali, tofali likisogea mtu anaumia, na kazi yangu ni kulisukuma lirudi. Dhana hii inanichosha kuliko nyingine zote, na kila wiki naona inavyowafanya watu waogope miili yao wenyewe.

Mzizi wake umo ndani ya fani yangu, kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma viungo vya mgongo kwa mikono. Tarehe 18 Septemba 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, Daniel David Palmer alimsukuma mgongo Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi aliyekuwa hasikii vizuri, kisha akasema amerudisha pingili, yaani mfupa mmoja wa uti wa mgongo, iliyohama na masikio yakazibuka. Juu ya kisa hicho Palmer alijenga mafundisho kwamba mifupa iliyohama hubana neva na kuleta karibu kila ugonjwa. Kairopraktiki ilizaliwa hapo, lakini maarifa hayakubaki hapo. Wako wenzangu ambao bado wanahubiri ya mwaka ule, na wagonjwa wao ndio wanaokuja kwangu wakiwa wamehesabiwa pingili zilizohama.

Pingili zinazosogea ni 24: saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno. Kuanzia ya pili ya shingo kwenda chini, kila mbili zimeunganishwa na diski, kama mto wa nyuzi kati ya mfupa na mfupa. Diski haikulazwa tu pale kama sahani juu ya sahani. Nyuzi zake zimeshikamana na mfupa wa juu na wa chini. Nyuma kuna viungo vidogo vinavyofumbatana, mbele na nyuma kuna kano ngumu, halafu misuli tabaka kwa tabaka. Kuitoa pingili mahali pake kunahitaji nguvu ya gari la matatu kupinduka, na mtu aliyepatwa na hayo haji kwangu kwa miguu yake. Kuna hali ambapo pingili huteleza mbele kidogo kidogo kwa miaka. Eksirei huionyesha, wengi wanaishi nayo bila shida, na hakuna mkono unaoweza kuirudisha nyuma, wangu ukiwemo. Bega ni habari nyingine. Bega hutoka kweli, na hurudishwa hospitalini.

Na ule mlio wa kiungo kinaposukumwa? Kila mtu anausubiri. Nisipotoa mlio, wengine hukataa kushuka kitandani, wakiamini hawajatibiwa. Ndani ya kiungo kuna ute, na ndani ya ute kuna gesi iliyoyeyuka. Nyuso za kiungo zikivutwa ghafla, shinikizo linashuka na uwazi wa gesi unatokea. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI za vidole vikialikwa na kuuona uwazi huo ukifunguka. Ndiyo maana kidole ulichoalika sasa hivi hakialiki tena mpaka dakika 20 hivi zipite. Hakuna mfupa uliorudi popote. Tena mlio wenyewe mara nyingi hutoka kwenye kiungo cha jirani, si kile nilichokilenga.

Nafuu unayoipata baada ya kusukumwa ni ya kweli. Neva hutuliza maumivu kwa muda, misuli iliyokaza hulegea, na unapata nafasi ya kuinama bila kujikunyata. Nafasi hiyo ndiyo ninayoiuza. Ukiitumia kutembea na kufanya mazoezi, inakaa. Ukiitumia kurudi kwenye kiti kilekile saa kumi kwa siku, Ijumaa tunaonana tena. Tafiti zinaonyesha kusukuma mgongo kunasaidia kwa kiasi kinacholingana na mazoezi. Si zaidi, na sina sababu ya kuficha hilo.

Yule fundi wa Gikomba alikuja na bahasha ya picha za MRI kwapani, akaketi kwa tako moja. Ripoti ilisema diski mbili zimevimba. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba akiinua kitu kizito, diski "itaruka" na atapooza. Kwa miezi minne hakumbeba mtoto wake wa miaka mitatu. Nilimwomba ainame, mikono ikaishia mapajani, pumzi ameibana, taya limekaza. Nikamweleza kwamba mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015, yaliyokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, yalikuta diski zilizovimba kwa asilimia 30 ya wenye umri wa miaka 20, na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Picha yake ilikuwa ya kawaida kwa mtu wa umri wake. Nikamwambia atoe pumzi polepole akiwa anashuka, kama anayeokota shilingi. Mara ya nne, vidole vilipita magoti. Sikuwa nimemgusa bado.

Hata diski iliyopasuka na kutoa kipande kikabana neva mpaka mguu ukawaka moto, mara nyingi mwili hukisaga kipande hicho wenyewe kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo usiipeleke picha yako kwa kila mtu akusomee. Pesa za MRI ni nyingi, na kwa maumivu ya kawaida ya kiuno yasiyo na dalili za hatari, picha haibadilishi matibabu.

Kibaya zaidi ni vinyozi. Unanyolewa, unapakwa spiriti, unakandwa mabega, halafu bila kuulizwa kichwa kinashikwa kwa mikono miwili na kuzungushwa: kwaa! Watu wanalipia huduma hiyo mitaani kote Nairobi. Mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda nyuma ya ubongo hupita ndani ya matundu ya pingili za shingo. Mzunguko wa ghafla unaweza kuuchana ukuta wa mshipa, damu ikaganda hapo, na bonge likaleta kiharusi. Ni nadra, hata mikononi mwetu tuliosomea, na ndiyo sababu kabla ya kugusa shingo nauliza kuhusu kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ganzi ya uso, na maumivu mapya ya shingo au kichwa ambayo mtu hajawahi kuyapata. Nikisikia mojawapo, siigusi. Shingo nyingi nazitibu bila kuzialisha kabisa. Kinyozi wako haulizi chochote. Mwambie mapema, kabla hajawasha mashine: "Shingo usiguse."

Mengine niyapitie upesi.

Kulala kitandani mpaka maumivu yaishe: hapana. Mwaka 1995 huko Helsinki, wafanyakazi wa jiji waliougua mgongo waligawanywa makundi, na walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza ndio waliopona haraka kuliko walioambiwa walale siku mbili. Siku mbili tu! Hapa watu wanalala wiki mbili.

Kulala sakafuni au kuweka ubao chini ya godoro: godoro la ugumu wa wastani lilishinda godoro gumu katika utafiti wa Hispania wa mwaka 2003. Mrudishie seremala ubao wake.

Mkanda wa kiuno unaouzwa kwenye duka la dawa: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haushauri mikanda hiyo, wala kuvutwa mgongo kwa mashine. Unashauri elimu, mazoezi, na tiba za mikono kama hii yangu.

"Ukianza kwenda kwa hao watu, utaenda milele." Hii naielewa ilikotoka. Wapo wanaouza vifurushi vya ziara 40 kabla hata hujavua viatu. Mimi nikikuona mara nne mpaka sita na hakuna kilichobadilika, nakupeleka kwa mwingine. Ukiuziwa kifurushi siku ya kwanza, chukua mkoba wako uondoke.

Kwa wanamichezo nina ugomvi mmoja mkubwa: kukandwa. Kijana anateguka kifundo cha mguu uwanjani, jioni hiyohiyo anapelekwa kwa mzee anayejulikana mtaani, mguu unasuguliwa kwa dawa ya moto mpaka machozi yanatoka. Kano zilizochanika zinachanwa tena, na uvimbe unaongezeka. Kama huwezi kupiga hatua nne kwa mguu huo, au ukibonyeza mfupa wa kifundo unauma, nenda ukapigwe eksirei. Kama unaweza, ufunge, uuinue, na kesho yake anza kuusogeza taratibu. Baada ya hapo ushauri wangu ni huu, nao nauchukulia kwa uzito kuliko dawa yoyote: simama kwa mguu huo mmoja unapopiga mswaki, asubuhi na jioni. Kifundo kilichoteguka hupoteza usawa, na bila kuurudisha, kitateguka tena kwenye shimo la kwanza la Ngong Road. Wanaokimbia na wanaoumwa na kano ya kisigino nao wanadhani kupumzika miezi mitatu kutawaponya. Kano haiponi kwa kukaa. Huimarika kwa kubebeshwa mzigo kidogo kidogo. Panda ngazi, simama kwa vidole, shusha kisigino polepole chini ya ukingo. Kila siku.

Akina mama wajawazito huja na hofu mbili zinazopingana. Mmoja anaambiwa na mama mkwe kwamba mjamzito haguswi mgongo. Mwingine anakuja na ujauzito wa wiki 36 akitaka nimgeuze mtoto aliyetanguliza makalio. Karibu nusu ya wajawazito huumwa kiuno au nyonga, maana uzito unasogea mbele na kano za nyonga zinalegea. Wanaweza kutibiwa, wakiwa wamelala ubavu, kwa mikono myepesi. Lakini kumgeuza mtoto si kazi yangu. Hiyo hufanywa na daktari wa uzazi, hospitalini, kwa kuangalia kwenye skani na chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Nawasihi sana, msikubali kukandwa tumbo ili mtoto "akae vizuri". Kondo la nyuma likibanduka, mnaweza kupotea nyote wawili.

Mama mwenye maumivu ya nyonga nampa kazi ndogo ndogo: mto kati ya magoti usiku, kugeuka kitandani magoti yakiwa pamoja, kuvaa nguo ya ndani ukiwa umeketi, kupanda ngazi hatua moja moja, na kumwambia kondakta asimame kabisa kabla hujashuka. Kwake yeye, mkanda mwembamba wa nyonga unaweza kusaidia, tofauti na ule wa kiuno niliousema. Na usinunue diklofenaki au ibuprofeni kaunta. Kuanzia wiki ya 20 dawa hizo zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na miezi ya mwisho zinaweza kuufunga mapema mshipa muhimu karibu na moyo wake.

Yapo maumivu ya mgongo yasiyo yangu. Mjamzito anayetoka damu au maji, mwenye homa, au mwenye maumivu makali ya kichwa na macho yenye ukungu, aende hospitali. Mtu yeyote anayekonda bila sababu, anayelowa jasho usiku, mwenye kikohozi kisichoisha, aseme mapema, kwa sababu kifua kikuu huingia mpaka kwenye pingili, na mgongo wa aina hiyo haufai kusukumwa hata kidogo. Na ukianza kupata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, miguu yote miwili ikaisha nguvu, usinipigie simu na usingoje kukuche. Tafuta teksi, nenda hospitali kubwa usiku huohuo, na mlangoni useme habari ya mkojo kabla hujasema habari ya mgongo.