Kwa nini mke aliyeomba kurudiana na mumewe aliishia kupewa talaka?

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya India, ya mwaka 1955, kinamruhusu mume au mke aliyekimbiwa na mwenzake bila sababu ya msingi kuiomba mahakama iamuru warudiane. Wengi wakisikia hivyo hudhani ni sheria ya waume, na kwamba polisi watakwenda kumtoa mke kwa wazazi wake na kumrudisha kwa nguvu. Sivyo. Wake nao huitumia, na anayekaidi hakamatwi wala hafungwi. Kinachoweza kukamatwa ni mali yake. Kifungo kilikuwapo zamani. Mwaka 1887, mjini Bombay, Rukhmabai, aliyeozwa akiwa na miaka 11, aliamriwa aende kwa mumewe au afungwe hadi miezi sita. Akasema heri jela. Kesi iliisha mwaka uliofuata kwa mume kulipwa rupia 2,000, na Rukhmabai akaenda London kusomea udaktari. Adhabu ya kifungo ilifutwa 1923.

Basi makali ya amri hii yako wapi? Yako katika kifungu cha 13(1A). Wanandoa wasiporudiana kwa mwaka mmoja baada ya amri kutolewa, yeyote kati yao anaweza kudai talaka. Ni kama filimbi ya refa: hata ikipulizwa kwa maombi ya timu moja, saa inaanza kuhesabu kwa timu zote mbili, na bao linaweza kufungwa na yeyote. Mwanzoni haikuwa hivyo. Nafasi hiyo alikuwa nayo aliyeshinda kesi peke yake, hadi Bunge lilipoipanua mwaka 1964.

Ndivyo ilivyomfika mke mmoja wa Punjab. Alifungua shauri mwaka 1977 akitaka mumewe amrudie. Mume hakupinga, na amri ikatolewa kwa ridhaa yake tarehe 28 Machi 1978. Aprili 1979 mume akarudi mahakamani: mwaka umepita, hatujaishi pamoja, naomba talaka. Mke akajibu kwamba mtu hapaswi kufaidika na kosa lake mwenyewe. Hoja hiyo imo katika kifungu cha 23, lakini mahakama za India zilikwisha kushikilia kuwa kutotaka kurudiana, peke yake, si kosa la kumnyima mtu talaka.

Tarehe 8 Agosti 1984 Mahakama ya Juu iliitupa rufaa ya mke ya kupinga talaka, ingawa iliagiza apewe matunzo. Hukumu hiyo pia ilikinusuru kifungu cha 9, ambacho Jaji P. A. Choudary wa Andhra Pradesh alikuwa amekibatilisha mwaka 1983 kwa kuingilia faragha na mwili wa mtu. Majaji wa Mahakama ya Juu waliandika kuwa kifungu hicho husaidia kuzuia ndoa zisivunjike. Ni vigumu kukubaliana nao, maana mbele yao alisimama mwanamke ambaye ndoa yake ilivunjwa kwa amri aliyoiomba ili kuiokoa. Mwaka 2019 ombi jipya la kukifuta liliwasilishwa katika mahakama hiyohiyo.